Kuzuia damu ukucha wa mbwa ukikatwa kupita kiasi

Ndani ya ukucha wa mbwa mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na ndiyo maana mkasi ukiigusa mbwa hulia kwa uchungu na damu hutoka nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Kucha za mbwa wangu ni nyeusi tititi, nyama hiyo haionekani kwa nje, hivyo sianzi kumkata kabla sijaweka karibu kitambaa safi na kisahani cha wanga wa mahindi.

Damu ikitoka, mtulize kwanza, kwa kuwa mbwa anayehangaika moyo humwenda mbio na damu huzidi kutiririka. Kandamiza ncha ya ukucha kwa kitambaa kwa dakika 2 hadi 5 bila kuchungulia, maana kila unapofunua unabandua damu iliyokwisha kuanza kuganda. Isipokoma, chovya ncha hiyo kwenye wanga, au hata unga wa ngano, kisha ukandamize tena. Shabu iliyosagwa, ile wanayotumia vinyozi, hukaza mishipa, ila huwasha, kwa hiyo mtu wa pili amshike imara; hata mbwa mpole huuma akiumizwa.

Baada ya hapo mzuie kulamba ukucha na kukimbia vumbini kwa saa kadhaa. Damu ikiendelea kutoka baada ya dakika 20, au ukucha ukiwa umepasuka hadi shinani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.