Miche 71 ya Profesa

Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 2011, Nairobi ilipokuwa ikimuaga Profesa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, katika bustani ya Uhuru, kikundi chetu cha miche huku Tetu, Nyeri, kilikuwa kimejazana dukani mbele ya televisheni moja. Bondeni, karibu na chemchemi, mashimo 71 yalikuwa yanangoja. Hesabu hiyo ilikuwa ya umri wake: alizaliwa kijijini Ihithe tarehe 1 Aprili 1940, akafariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011.

Jeneza lilipoonekana, akina mama walinyamaza. Kisha wakaanza kulichambua kama wachambuavyo kikapu sokoni. Fremu ilikuwa ya mianzi, pande zake zimesukwa kwa mafunjo na gugu maji, maana mwenyewe alitaka asikatiwe mti wa jeneza. Mama mmoja msusi akasema kazi ile haikufanywa na mwanagenzi. Bua la gugu maji likiwa bichi limejaa maji kama sifongo. Ukilisuka hivyo, likikauka linasinyaa na kila kitu kinalegea. Sharti lianikwe mpaka ligeuke kahawia ndipo lisukwe. Kwa mara ya kwanza niliona gugu linaloisumbua Ziwa Victoria likipewa heshima ya kitaifa.

Ubishi ulikuja baadaye: tupande leo au tungoje? Mheshimiwa mmoja alikuwa ametuma habari kwamba angefika saa nane na wapiga picha. Mwenyekiti wetu, shosho (bibi kizee) aliyelea miche tangu enzi za kuotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika, hakujibu. Alishuka bondeni na panga, akachimba pembeni mwa shimo kina cha mkono hadi kiwiko, akachota udongo wa chini na kuufumba ngumini. Alipofumbua, ukamwagika kama unga. Mvua za Oktoba zilikuwa zimelowesha juu tu. Udongo wa kupandia, ukiufumba, hubaki donge.

"Tutapanda saba," akasema. "Iliyobaki itangoja mvua."

Saba kwa sababu tarehe 5 Juni 1977 Profesa na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo vuguvugu lake la kupanda miti, la Ukanda wa Kijani, lilipoanzia. Mingi ya ile saba haikuishi. Nadhani somo hilo hakulisahau, kwa kuwa malipo aliyokuja kuwawekea akina mama, senti 4 za dola kwa mche, yalitolewa kwa mche ulioshika, si uliopandwa. Watu wengi humkumbuka kwa Nobeli ya 2004, na kwa jengo la ghorofa 60 alilolizuia lisijengwe Uhuru. Sisi wa vitalu tunamkumbuka kwa sharti lile la malipo.

Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa siku kumi, futi mbili kwenda chini na mbili kwenda upana. Udongo mweusi wa juu uliwekwa upande wa mlimani, mwekundu wa chini upande wa bondeni, visichanganyike. Wakati wa kufukia, mweusi ndio unaotangulia, umechanganywa na nusu debe ya samadi iliyooza hata isinuke tena. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mche hunyauka wiki ya pili ukidhani ni kiu. Miche yenyewe, mingi ikiwa ya muiri na muringa, miti ya kienyeji, tulikuwa tumeiondolea kivuli mwezi mzima na kuipunguzia maji kidogo kidogo. Mche uliodekezwa kitaluni ukitupwa juani hautoboi.

Mheshimiwa akaja saa tisa. Akapokea mche, akauinamia, akautia shimoni pamoja na karatasi yake nyeusi ya plastiki. Kamera zikalia. Shosho akamshika mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Mvue nguo kwanza."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini shosho hakuwa akitania. Mche ukipandwa na karatasi, mizizi huzunguka humo ndani ikijifunga yenyewe, na mti hufa mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna tena anayekumbuka aliyeupanda. Akachana karatasi kwa wembe kutoka juu hadi chini, akakata unene wa kidole kwenye kitako cha donge, pale mizizi ilipokuwa imejikunja kama kamba ya ng'ombe, akamrudishia. Akamwonyesha shingo ya mche, mahali shina linapoachana na mizizi: hapo ndipo udongo ukomee. Ukiifukia shingo, shina huoza. Kisha kushindilia kwa kisigino, kutengeneza beseni la udongo upande wa chini wa mteremko, debe moja la maji, na nyasi kavu juu yake, ila zisiguse shina. Ziachie nafasi ya kiganja.

Saa kumi na moja magari yakaondoka.

Ile 64 tuliipanda mvua iliposhuka kweli, kwa siku tatu, katika matope. Mitatu kati yake ilikuwa ya mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, tukaiweka ukingoni mwa chemchemi. Mugumo hatukuupanda kwa mche. Ulikuwa kigingi cha unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita mbili, kimelazwa kivulini siku mbili mpaka utomvu ukauke, kisha theluthi yake ikazikwa. Wenyeji wa Ihithe wanaijua sababu ya kuuchagua. Wangari alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu, na chini yake kulikuwa na kijito alimocheza na mayai ya vyura. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Jamaa mmoja mwenye moyo mzuri alitupa bure miche ishirini ya mkaratusi tuizungushie chemchemi. Tulimshukuru, tukampelekea kijana akaipande mbali, kwenye ukame wa juu kabisa. Mkaratusi kando ya maji ni mgeni anayemaliza mtungi.

Mwisho wa Machi 2012, kabla ya masika, tukahesabu. Shosho alitembea mbele akikwaruza gome la kila mti kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, u hai hata kama hauna jani. Mbuzi walikuwa wamekula mitano ya kando ya njia, ambako tuliona uvivu kuweka miiba. Minne ililegea tu. Ukiivuta inatoka kama karoti, mizizi imetafunwa na fuko. Miwili ilikuwa na mizizi iliyopinda, kosa letu la haraka ya siku ya tatu. Na mitatu ilikuwa miongoni mwa ile saba ya siku ya mazishi. Kila mmoja alidhani mwenzake anaimwagilia katika ile wiki kavu iliyofuata. Wa mheshimiwa ulikuwa hai, na hilo lilituudhi kidogo.

Wiki hiyo ofisi moja ilituma kijana aje kuchukua takwimu za miti ya kumuenzi Profesa.

"Shosho, mlipanda mingapi?"

"Hamsini na saba."

"Barua yenu inasema 71."

"Andika hamsini na saba, mjukuu wangu. Na ukirudi Juni, hesabu upya."

Akaandika. Sisi tukarudi kuchimba mashimo 14.