Nyuma Yangu Wanapiga Honi: Siku Moja ya Dereva wa Lori la Mafuta

Watu wengi wanalijua lori langu kwa mgongo tu. Wanaona bango la mzigo wa hatari, taa mbili nyekundu, na mwendo wa 60 mahali palipoandikwa 80. Yaliyobaki wanayajaza wenyewe: dereva kasinzia, dereva ana dharau, dereva leseni kaipata wapi. Leo nawapandisha kwenye kichwa cha lori mkae na mimi na utingo wangu mpaka jioni. Kiti cha katikati hakina raha, vumilieni.

Saa 10 alfajiri. Nazunguka lori na tochi. Tairi moja moja, nati, taa, mabomba ya upepo wa breki. Utingo anapangusa vioo huku akipiga miayo.

Saa 11 na nusu. Bohari. Foleni, karatasi, waya wa kuondoa umeme tuli, mipira ya kupakilia. Sehemu hii haina hadithi, ila jambo moja mlibebe: tangi halijazwi pomoni. Mafuta yakipata joto yanatanuka, kwa hiyo lazima ibaki nafasi, na mafuta yakipata nafasi yanacheza. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba taabu si uzito. Taabu ni kwamba wewe umesimama na maji bado yanakwenda. Tangi langu limegawanywa vyumba, na ndani kuna kuta zenye matundu za kuyatuliza mafuta, lakini nikikanyaga breki ghafla bado naupata msukumo wa pili kutoka nyuma baada ya ule wa kwanza kuisha.

Saa 1 asubuhi. Barabarani. Lita 36,000 nyuma yangu. Ukijumlisha na chuma chenyewe tunapita tani 40. Msafara umeshaanza kujipanga.

Barabara ni pana, kibao kinasema 100, nasi tunatembea 80. Hapo si ukaidi. Lori lina kidhibiti mwendo, na hata nikikanyaga mafuta mpaka chini halisogei zaidi ya hapo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya malori makubwa nayo yamefungiwa vidhibiti, yao yanaishia 90. Anayewasha taa kamili nyuma yangu anaiomba mashine kitu ambacho haina ruhusa ya kutoa. Tena hata ningeruhusiwa, mwenye lori ana hesabu zake. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, na mwili wa lori ni ukuta unaosukuma upepo, kwa hiyo kila kilomita ya ziada kwenye saa inanywa mafuta zaidi kuliko iliyoitangulia. Marekani ilipobanwa na uhaba wa mafuta ilipitisha sheria mwaka 1974 ya kushusha kikomo nchi nzima hadi maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89, na sheria hiyo ilidumu hadi 1995.

Mbele yetu kuna gari dogo ambalo nalo limeganda kwenye 75. Utingo anachemka kabla yangu.

"Mzee, huyu naye vipi? Barabara yote hii!"

Nikamwambia atazame tairi la nyuma kulia. Lilikuwa jembamba kuliko mengine: ile stepni ya dharura ambayo watengenezaji wanaiandika ubavuni isizidi 80. Yule mtu alikuwa anafanya kile hasa alichoambiwa na tairi lake. Faida ya kukaa juu kama tunavyokaa sisi ni kwamba unaona ndani ya magari ya watu. Unaona kabati limelala kwenye paa kwa kamba mbili. Unaona mama kiti cha nyuma ameshikilia kichwa cha mgonjwa. Usichokiona ni gari ambalo kompyuta yake imeona hitilafu ikapunguza nguvu ya injini ili isife. Dereva anakanyaga, gari halitaki, na aibu aliyonayo inazidi hasira yako. Kisha kuna wanaoamini kwamba wako kwenye 80 kumbe hawapo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza kipima mwendo kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inakiruhusu kuzidisha: asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo anayesoma 80 kwenye dashibodi huenda kweli anatembea 73 au 75, na dhamiri yake imetulia kabisa.

Saa 3 na ushei. Sasa huyu.

Mlima ni mrefu na umejikunja, nami niko gia ya chini, mwendo 25, injini inalia. Nyuma yangu gari jeusi limejibandika karibu mno hata saidi mira hazilioni. Najua lipo kwa sababu ya honi. Si honi ya kuomba njia, ni ile ya kulala nayo. Utingo akatoa mkono dirishani kumwashiria atulie. Honi ikaongezeka.

Kuna madereva wa malori wanaowasha indiketa kumwambia aliye nyuma kwamba mbele kweupe, apite. Mimi sifanyi. Naona mbele ya kichwa changu, siioni akili ya mtu, na wala sijui gari lake lina nguvu ya kunipita kabla ya kona. Penye bega pana la barabara naingia pembeni msafara upite, hiyo ni adabu ya kazi. Mlima ule hauna bega. Na kulisimamisha lori la tani 40 kwenye mwinuko ni jambo moja; kuling'oa tena pale liliposimama ni jambo lingine.

Akapita hivyo hivyo, juu ya mstari usiokatika. Sawa, amepita. Lakini hakutosheka. Tulipofika juu, barabara iliponyooka na mimi nikiwa nimefika 70, akajipanga mbele yangu na kukanyaga breki. Adhabu, eti. Nifunzwe.

Naomba niwe mkali kidogo hapa. Kwenye 70, lori linakwenda mita 19 kila sekunde. Sekunde moja inaliwa na mimi kuona na kuhamisha mguu. Nusu sekunde nyingine inaliwa na upepo kusafiri kwenye mabomba mpaka breki za tela zishike, maana breki zetu si za maji kama za gari dogo. Yaani karibu mita 30 zimeshapita na bado sijaanza kupunguza mwendo. Halafu yale mafuta yanakuja na msukumo wake. Yule kijana alijiweka mbele ya hayo yote kwa sababu alikasirika. Kilichomwokoa ni nafasi niliyokuwa nimeiacha mbele yangu, nafasi ile ile ambayo wenye magari madogo wakiiona wanasema lori limezubaa, wanajichomeka.

Kilomita chache mbele, matengenezo. Njia moja imefungwa, mshika bendera amesimamisha upande wetu. Gari jeusi lilikuwa magari matatu mbele yetu. Mlango ukafunguka, akashuka, akaja kwa miguu.

"Wewe dereva! Unajua kuna watu wanawahi?"

"Habari za asubuhi, kaka."

"Habari gani! Kibao 80, wewe unatembea 25!"

"Ule ni mlima, kaka. Pale lori ndilo linachagua mwendo."

"Basi msiende barabarani asubuhi. Tembeeni usiku."

Utingo akacheka kwa pua. Nikamuuliza yule ndugu anakwenda mbali kiasi gani. Kilomita thelathini, akasema, na kazini anatakiwa sasa hivi. Nikamfanyia hesabu pale dirishani: kilomita 30 kwa mwendo wa 80 ni dakika 22 na nusu. Kwa 60 ni dakika 30. Tofauti ni dakika saba na nusu.

"Dakika saba ni nyingi," akasema.

Na kwa kweli sikuwa na jibu. Mtu ambaye msimamizi anamngoja langoni na daftari, dakika saba ni nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba dakika hizo alizipoteza kitandani, si nyuma yangu, lakini mtu aliyeshuka garini kuja kugomba hajaja kusikiliza. Nikamwambia kuhusu breki. Akasema lori likiwa bovu lisiingie barabarani. Nikamwambia si bovu, ni zito. Akasema yeye kodi ya barabara analipa. Tukafika hapo pa kodi, mshika bendera akageuza kibao, magari ya mbele yakaondoka, na gari jeusi likabaki katikati ya njia halina dereva. Sasa honi zilikuwa zake. Alikimbia vizuri, lazima nikiri.

Mteremko. Saa sikuitazama. Mlimani watu wanatuelewa angalau nusu. Mteremkoni hawaelewi kabisa. Wanadhani kushuka ni bure. Kwangu ndiko kazi iliko. Nashuka kwa gia niliyopandia au iliyo chini yake, injini ndiyo inashika lori, breki nazigusa na kuziacha. Ukizikalia zinapata joto, zikipata joto zinapungua nguvu, na ukigundua hilo katikati ya mteremko umeshachelewa. Ndiyo maana nashuka 35. Na mwendo mdogo unalipa zaidi ya unavyoonekana: ukitoka 80 ukaja 60, umepunguza robo tu ya mwendo, lakini nguvu inayobebwa na lori imepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nguvu hiyo ndiyo breki zinatakiwa kuimeza.

Saa 6. Kituo cha kwanza. Koni, waya, mipira, kupima, sahihi. Tumeshusha karibu nusu. Tumekula, tumenyoosha migongo chini ya kivuli.

Mchana. Hapa hata utingo aliniuliza mwanzoni alipokuja kazini: mzigo umepungua, mbona kona tunazipiga polepole zaidi ya asubuhi? Kwa sababu sasa kuna chumba kilichobaki nusu. Mafuta yaliyojaa hayana pa kwenda. Ya nusu yanapanda ukuta wa upande mmoja kwenye kona, na uzito unayafuata. Mkataba wa ADR, unaoongoza usafirishaji wa mizigo ya hatari Ulaya, hauruhusu tangi lisilogawanywa sehemu za lita 7,500 au chini yake kusafiri likiwa na mafuta kati ya asilimia 20 na 80. Ama limejaa vya kutosha, au limebaki na kidogo. Wanaonifuata hawajui nimebeba nusu. Wanaona tela tu, ndefu ile ile, na kona inayopigwa 40.

Jua limekaza, mgongo umeanza kusema. Joto la kichwa cha lori mchana halielezeki. Na hapo ndipo lilipotokea gari la mbele linalotembea 50, mara 75, mara 45, mara linagusa mstari, mara linarudi. Simu. Sikuhitaji kuuona uso wake. Anayesoma simu hupunguza mwendo bila kujijua, akijihisi mwangalifu, huku macho hayapo barabarani. Huyu ndiye ninayemwogopa. Mtu wa polepole anayetembea 50 moja kwa moja naweza kuishi naye, naweza kumpangia. Wa 50-75-45 huwezi kumpangia chochote. Niliacha nafasi kubwa hata utingo akauliza kama tumesimama.

Kuna na wale wengine, nawasema pia kwa haki: anatembea 55 kwenye kona zote, halafu barabara ikinyooka na wewe ukitaka kumpita, anapanda 80. Wengi hawafanyi kwa roho mbaya. Njia imepanuka, hofu imeondoka, mguu umeshuka wenyewe. Lakini kwa mtu aliye kwenye njia ya pili anatazamana na basi, nia njema yake haimsaidii.

Kituo cha pili nimekikumbuka kwa harufu na foleni tu. Tulimaliza jua likielekea kuzama, na nilikunywa maji mengi.

Giza lilipoingia tukakuta gari kuukuu linatembea 45. Mzee peke yake, kifua karibu kigusane na usukani. Sikumwashia taa kamili wala sikupiga honi. Jicho la mtu wa miaka 60 linaingiza takriban theluthi ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Ongeza taa hafifu za gari lile. Anaendesha kwa mwendo ambao macho yake yanaweza kusimamia, na kama kila mtu angefanya hivyo usiku, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Kilichonisumbua ni kwamba nyuma yangu walidhani ni mimi. Walipiga honi, wakawasha, mmoja akanipita akanyoosha mkono dirishani, akamwona mzee, akaurudisha.

Yadi tuliifikia usiku umekaa. Utingo alikuwa amelala amekumbatia kofia yake ya kazi. Nikapeleka karatasi ofisini. Jamaa wa zamu akaniangalia.

"Umeripotiwa," akasema. Nyuma ya tela tumeandika namba ya simu, mtu apige akiona dereva anaendesha vibaya.

"Kosa gani?"

"Mwendo wa polepole."

Aliandika kwenye daftari kwa sababu kila simu lazima iandikwe, akaacha tupu mahali pa hatua iliyochukuliwa. Kisha akauliza kama tela iko sawa. Nikamwambia breki ya nyuma kushoto inachelewa kuachia, fundi aitazame kabla sijapakia tena.