Si mwili umezoea dawa

Kuna maneno huniudhi kila nikienda kumwona mjomba kule Kondele. Ana leukemia, saratani ya damu, ile inaitwa CML, na majirani wakija lazima mmoja atasema, umemeza hizo tembe miaka yote mwili ushazoea, pumzika kidogo ndio zishike tena. Jameni!

CML huanza na seli moja ya uboho, kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, ya 9 na ya 22 zinabadilishana vipande, hiyo 22 iliyobaki fupi ndio kromosomu ya Philadelphia iliyoonekana 1960, na hapo kunazaliwa jeni BCR-ABL inayotoa protini isiyojua kuzima, seli nyeupe zinazaana tu ovyo. Glivec, yaani imatinib, hiyo dawa ya mjomba, iliyoidhinishwa Marekani 2001, huwahi kiti cha ATP, ile molekuli ya kuipa nguvu, ndani ya hiyo protini, abiria amekosa kiti kwa matatu basi, protini inakosa nguvu.

Sasa seli zikigawanyika kuna wakati zinakosea kunakili jeni, na kosa likiangukia hapo kwa kiti ni shida. Lile sugu kabisa ni T315I, asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini, imebadilika, threonini imetoka imeingia isolusini, dawa haitoshei tena lakini ATP anakaa tu poa. Na hiyo seli haikufundishwa na dawa, pengine ilikuwepo hata kabla ya tembe ya kwanza, Glivec ikaua wenzake ikaiachia uwanja. Dasatinib na nilotinib, dawa zilizokuja baada ya Glivec, hushinda makosa mengi ya aina hii ila si T315I, hiyo ilingoja dawa nyingine, ponatinib, 2012.

Halafu saa zingine dawa inashindwa na seli hazina makosa hayo. Mtu anaruka dozi. Ama ameanzishiwa dawa za TB, na huku kwetu TB si ngeni, rifampicin, mojawapo ya hizo, inafanya ini livunje Glivec haraka mpaka kwa damu inabaki kidogo, BCR-ABL inapanda na kumbe hakusema kule kliniki anameza nini kingine.

Kupumzika nako kupo, sikatai, lakini ni kwa wale ugonjwa umeshuka mpaka vipimo haviuoni kwa miaka, na ni daktari anaamua huku akipima damu kila mara. Mjomba hajafika hapo, BCR-ABL yake imepanda, ameandikiwa kipimo cha kuangalia mabadiliko ya jeni na majibu ndio yatasema kama anabadilishiwa dawa. Kwa sasa anameza Glivec yake na chakula na glasi kubwa ya maji, kila siku, na jirani mwenye ubishi aje tuongee mimi na yeye.