Kabureta ya Land Rover ya bamdogo

Bamdogo wangu alikuwa na Land Rover 109, Series III ile ndefu, injini yake ya cc 2286 ilikuwa inakunywa oili mpaka mwenyewe akachoka, akatafuta injini ya 22R ya Toyota Hilux akafungisha. Kwa ukubwa hazipishani sana maana 22R ni cc 2366, ila nguvu ni mbali kabisa na spea zake hazisumbui. Shida ikaanzia hapo. Asubuhi gari inawaka kwa kugusa tu, ikifika saa sita jua limeshika inaanza kumisi, inakohoa, inazima, ukipiga stata inazunguka bure. Kaeni chini ya mti weee, afu inawaka utadhani hakuna kilichotokea.

Kila fundi jibu lake moja, kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikafunguliwa, ikaoshwa, ikapulizwa, ikanunuliwa repea kiti, huyu anasema jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, ni kubwa mwingine anasema ndogo. Yani kabureta kwa mafundi wetu ni kama dada wa kazi, kijiko kikipotea ni yeye, sukari ikiisha ni yeye.

Sasa siku hiyo tunatoka Mvumi, mwezi wa kumi, magunia ya alizeti mpaka juu tunapeleka Dodoma mjini kukamua. Njia za kule ni mchanga na makorongo, kwenye korongo moja bamdogo akaingiza foo wili, gia ya chini, tunatambaa, hewa yenyewe ya moto, gari ikazima katikati ya mchanga. Akashuka na spana mkononi anaelekea kule kule.

"Bamdogo subiri, usiifungue kwanza."

"Nisubiri nini we kijana, umeanza lini ufundi?"

Ukweli nilikuwa najifunza tu gereji, ila Hilux nilikuwa nazishika kila siku. Kabureta ya 22R ina kioo kidogo pembeni chenye alama, mafuta yanatakiwa yaonekane usawa wa ile alama. Cha bamdogo kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoganda na oili, hata hukioni. Nikakifuta na shati. Ndani karibu pakavu, chini kabisa kuna petroli kidogo inatokota.

Nikafuata mpira mpaka kwenye pampu ya mafuta. Pampu ya 22R ina midomo mitatu, wa kuingiza, wa kupeleka kabureta na wa kurudisha tankini. Huo wa tatu umechomekewa kipande cha mpira na bolti ndani yake, klipu imekazwa haswa, maana tanki la ile Land Rover lilikuwa na bomba moja tu la kutoa. Afu bomba lenyewe la shaba limepitishwa ubavuni mwa ekzosi, ukiligusa unatoa mkono mwenyewe. Petroli haihitaji moto mwingi kugeuka mvuke, na Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, inachemka mapema kuliko Dar. Kwahiyo pampu inavuta mvuke, mvuke hauna pa kutokea kwasababu njia ya kurudi imezibwa, kabureta ya watu inakaa na njaa na bado inafunguliwa kila wiki.

Kulikuwa na mama tumempa lifti kakaa juu ya magunia, akashusha dumu lake. "Chukueni, ila ni ya kunywa hayo." Nikalowesha tambara nikaizungushia pampu, nikawa namwagia kidogo kidogo, bamdogo anapiga stata mi macho kwenye kioo, na petroli naiona inapanda taratibu mpaka kwenye alama. Ikaguruma. Tulienda hivyo hivyo mpaka mjini, tunasimama kulowesha, yule mama analalamikia maji yake na alikuwa na haki.

Kesho yake tukafungua sahani ya geji juu ya tanki, ikaenda kwa mchomeleaji ikawekwa mdomo wa pili, tukavuta mpira wa kurudisha toka kwenye pampu mpaka pale, bomba la shaba tukalihamisha mbali na ekzosi. Kabureta hatukuigusa kabisa, na mchana haikuzima tena.

Bamdogo hakuridhika, akamfuata yule fundi aliyemfungia injini amuulize ile bolti ilikuwa ya nini. Jamaa hana hata wasiwasi: "Mzee, pale palikuwa panamwaga mafuta nikakuzibia, na hela ya bolti sikukudai."