Nilivyokwenda kukiona kinu cha Stucky, Venice

Ukiwa Venice, Italia, ukivuka kwa boti kutoka ukingo wa Zattere kwenda kisiwa cha Giudecca, huwezi kulikosa jengo hilo. Venice ni marumaru na makuba, halafu kule mwisho wa kisiwa, upande wa magharibi, limesimama dude la matofali mekundu lenye mnara uliochongoka, utadhani ngome ya Wajerumani. Nilishukia kituo cha boti cha Palanca nikafuata ukingo wa maji hadi mlangoni. Siku hizi ni hoteli ya Hilton, yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Zamani kilikuwa kinu cha ngano.

Mwenyewe alikuwa Giovanni Stucky, aliyezaliwa 1843, baba yake Mswisi. Kinu alikianzisha miaka ya 1880, mahali ambapo ngano ilifika kwa maji hadi ukutani na unga ukaondoka kwa maji vilevile. Mwaka 1895 akamwita msanifu Mjerumani, Ernst Wullekopf, akipanue. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa mji waliukataa mchoro, naye Stucky akatishia kuwafukuza wafanyakazi wake wote. Mchoro ukapita! Kiliweza kusaga tani 250 kwa siku, na watu kama 1,500 walipata riziki humo.

Mwaka 1908 alinunua Palazzo Grassi, kasri kwenye Mfereji Mkuu. Hakulifaidi. Mei 1910 mfanyakazi wake mmoja alimuua kwenye stesheni ya Santa Lucia, stesheni ileile niliyoshukia na begi langu, macho yote kwenye mfereji.

Wengi husimulia mauaji hayo kana kwamba ndiyo yaliyoiangusha nyumba ya Stucky. Mimi naona sivyo. Mwanawe Giancarlo alikiendesha kinu miaka mingi baadaye. Kilichokiua ni bandari mpya ya Marghera, bara, penye reli na barabara. Mzigo ukipakiwa moja kwa moja kwenye behewa, nani atataka kuuvusha tena kwa mashua kwenda kisiwani? Maji yaliyomtajirisha baba yakawa gharama kwa mtoto. Mwaka 1955 kinu kikafungwa, kikakaa gofu kwa miongo. Mwaka 2003 kiliungua wakati wa ukarabati, na hoteli ikafunguliwa 2007.

Kesho yake nilipita Palazzo Grassi. Sasa ni jumba la sanaa la tajiri Mfaransa, François Pinault, na kuingia ni kwa tiketi.