Yale Matatu Yaliyoinamisha Shingo

Nilitoka nyumbani nimeshaamua: mawaridi mekundu, 12, yafungwe kwa utepe. Sikuwahi kumnunulia mtu maua, na wekundu niliuona kuwa ujumbe usiohitaji maelezo.

Mama muuza maua aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe anapenda yapi, mwanangu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimempenda kwa miezi mingi, hata mlio wa hatua zake niliujua, lakini hilo sikuwahi kulifikiria. Nikaanza kuvuta kumbukumbu. Harufu kali humuumiza kichwa, basi yale mayungiyungi meupe niliyokuwa nimeanza kuyatamani nikayaacha. Kisha nikakumbuka siku tuliyokuwa tukitembea, akakatiza maneno yake katikati ili atazame waridi la rangi ya chungwa kwenye ua wa nyumba ya watu. "Kama jua linavyozama," alisema, akaendelea na hadithi yake. Rangi hiyo ilikuwepo, kwenye ndoo ya pembeni kabisa.

"Bonyeza hapa," mama akaniambia, akishika tumba chini, pale linapoungana na kikonyo. "Likiwa gumu, ni bichi. Likibonyea, limekaa siku nyingi." Akanikataza pia yaliyofumba kama ngumi, kwani mengine hunyauka bila hata kufunguka. Tukachagua saba. Nilipotaka kubandua petali za nje zilizokuwa na mabaka ya kijani, akanizuia mkono. Hizo huachwa zizilinde za ndani njiani, na kuondolewa maua yakishafika.

Njia ilikuwa ndefu na jua kali. Nilipofika kwake, mawaridi matatu yalikuwa yameinamisha shingo. Nilisimama nje moyo ukinidunda, nikiwaza kurudi nilikotoka. Mlango ukafunguliwa kabla sijabisha.

Hakuyatazama yaliyolegea. Alitazama rangi, kwa muda mrefu.

"Ulikumbuka," akasema.

Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kisu chenye makali. Kumbe alijua la kufanya kuliko mimi. Tulikata ncha za vikonyo kwa mshazari, tukikatia ndani ya maji, ili hewa isiingie na kuziba njia za maji kwenye kikonyo. Majani ambayo yangezama tukayang'oa yote, maana huoza na kuyachafua maji ya chombo. Manne yaliyokuwa wima yakaenda mezani. Yale matatu tukayalaza ndani ya beseni, vikonyo na vichwa, tukakaa sakafuni kuyangoja.

Sijui tulikaa saa ngapi. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuzungumza, mikono yetu ingali na maji. La kwanza likanyooka, kisha la pili.

La tatu lilikataa. Akalikata karibu kabisa na ua, akaliacha lielee kwenye bakuli, na bakuli hilo ndilo alilolibeba kwenda kuliweka kando ya kitanda chake.