Kumbe si sili ya nyuma

Wiki tatu tangu nisuke upya injini ya gari langu, Datsun 240Z, kila asubuhi nakuta doa la oili chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Kila fundi: "Hiyo ni sili ya nyuma ya krankshafti, shusha giaboksi." Yaani ile raba inayozuia oili kuvuja pale shafti kuu inapotokea nyuma ya injini. Roho iliniuma. Hii ndiyo aina ya gari iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, nimeiota tangu utotoni.

Jana nikaosha injini, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya mtoto, nikawasha dakika kumi. Mchirizi wa oili ukashuka kutoka nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini! Gasketi ilikuwa imejikunja konani. Nimeweka mpya, nikakaza boliti kidogo kidogo.

Leo asubuhi kadibodi niliyotandika chini ni kavu kabisa. Nimefurahi mno!